Ukuta Mmoja, Waajiri Wawili

Katika shule nyingi za msingi za umma nchini Kenya, darasa la PP2, la mwisho katika chekechea, na la Gredi ya 1 hutenganishwa na ukuta tu. Mwaka mpya ukifika, mtoto huvuka upande wa pili na begi lake lile lile. Mwalimu aliyemvusha hubaki nyuma, kimshahara pia. Mwenzake wa Gredi ya 1 ni wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Yeye ni wa kaunti.

Mtoto wa miaka 4 haji shuleni na daftari pekee. Huja na kamasi, usingizi na kilio cha kumtaka mamake. Mwalimu wa chekechea humfuta, humnywesha uji, humfunga kamba za viatu, ndipo amshikishe penseli. Anayedhani huko ni kulea tu, na ajaribu asubuhi moja.

Zamani nako hakukuwa na utamu. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, chekechea iliachwa nje. Mwalimu aliendelea kutegemea karo ya wazazi. Mavuno yakikosa, na mshahara hukosa. Kisha Katiba ya 2010 ikakabidhi magatuzi elimu hiyo, na kaunti zilipoanza kazi 2013, walimu wengi walishusha pumzi: hatimaye wana mwajiri.

Kumbe waajiri ni 47. Kaunti moja huandika walimu kwa masharti ya kudumu na pensheni. Jirani yake hutoa kandarasi, na ikikaribia kuisha mwalimu huanza kuhesabu siku. Hazina ya Kitaifa ikichelewesha fedha za kaunti, dukani anaandikwa deni. Kinaya ni kwamba TSC ndiyo humsajili kuwa mwalimu. Kumlipa, haimo.

Wengi wa walimu hawa wanataka wahamishiwe TSC. Kiu yao naielewa, ila safari hiyo ni ndefu: ama Katiba irekebishwe, ama magavana waachie jukumu pamoja na bajeti yake. Gavana wa kuachia bajeti kwa hiari bado sijamwona.

Iko njia ya karibu. Tume ya Mishahara (SRC) tayari ina mamlaka ya kushauri kaunti kuhusu malipo ya watumishi wao. Ushauri huo uandamane na fedha zenye masharti, zisizoguswa kwa barabara wala safari za madiwani, ziende kwa kaunti inayoajiri kwa masharti ya kudumu. Si jambo geni. Fedha kama hizo zilishatolewa kwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Jedwali la Nne la Katiba limeviweka katika mstari mmoja na chekechea.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla yake kaunti hutakiwa kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Mzazi wa PP1, siku hiyo usikose. Uliza mwalimu wa mwanao analipwa pesa ngapi, na kandarasi yake inaisha lini.