Safari ya Mwenye Deni

Ikifika Novemba, katika ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi watu hupiga hesabu mbili kwa pamoja: siku za likizo zilizobaki, na miezi ya makato iliyobaki. Mwalimu aliyekopa benki ili anunue kiwanja, nesi anayekatwa mkopo wa elimu ya juu, karani mwenye mikopo mitatu ya simu, wote hukutana na swali moja. Mtu anayedaiwa asafiri au asisafiri? Majibu yanayosikika vijiweni ni ya mkato mno. Wengine husema dawa ya deni ni kulipa, hayo mengine ni anasa. Wengine husema madeni hayajawahi kuisha tangu dunia iumbwe, kwa hiyo twende tukale maisha. Mimi naona kila upande umeshika kipande tu cha ukweli. Mwenye deni ana haki ya kupumzika kila mwaka bila kumwomba mtu radhi. Safari ni jambo jingine: hiyo iwe imelipwa yote kabla hajapanda basi. Safari ya kukataa ni ile inayolipwa baada ya kurudi.

Tuanze na mapumziko yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hujidhulumu bila sababu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, sikukuu zikihesabiwa humo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku za kazi zisizopungua 21. Siku hizo ni sehemu ya ujira. Anayeziacha zipotee kwa kuwa anadaiwa amemwachia mwajiri mali yake, na deni halijapungua hata senti moja. Wapo wanaokubali kufanya kazi siku za likizo na kulipwa fedha badala yake, na kwa mwenye deni bei hiyo inavutia. Mara moja, kwa sababu nzito, sina ugomvi nayo. Ikiwa desturi ya kila mwaka, mtu anauza afya yake kwa rejareja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 12,000 wa Marekani, wote wakiwa katika hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, kwa muda wa miaka 9. Waliokuwa wakienda likizo kila mwaka walikufa kwa uchache kuliko wasiokwenda. Atakayesema kwamba huenda wenye likizo walikuwa na fedha na afya bora tangu mwanzo anasema kweli, na watafiti walijaribu kulizingatia hilo katika hesabu zao, ingawa utafiti wa aina hiyo hauwezi kulimaliza shaka lote. Lakini upande wa pili wa ushahidi unaelekea hukohuko: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016 pekee. Mkopo wa mshahara wa mtumishi wa umma unaweza kuchukua miaka 7 au zaidi kuisha. Hakuna anayepaswa kukaa miaka 7 bila kupumzika.

Kupumzika, hata hivyo, si lazima kuwe kusafiri, na kusafiri kunakula fedha. Hapa jibu linategemea bei ya deni lenyewe, na kosa la washauri wengi ni kuyaweka madeni yote kwenye kapu moja. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu Tanzania hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Mwenye deni hilo peke yake, ambaye makato yake yanakwenda sawasawa, hana riba inayomkimbiza. Kujinyima safari ya siku nne ili amalize deni hilo miezi miwili mapema ni ushujaa usio na faida kubwa. Mkopo wa benki ni habari nyingine. Tuseme riba yake ni asilimia 16 kwa mwaka, kiwango kisichoshangaza Tanzania. Shilingi 600,000 zikienda kwenye safari badala ya kupunguza deni hilo, mwaka mmoja tu zimekugharimu shilingi 96,000 za ziada. Yaani tiketi na hoteli vya laki sita bei yake halisi ni 696,000, na inaendelea kupanda kadiri deni linavyobaki. Huenda bado inafaa; watu hulipa zaidi ya hapo kwa mambo yenye maana ndogo zaidi. Ila mtu aijue bei hiyo kabla, na amuulize ofisa mikopo kama kulipa mapema kunatozwa ada, maana kuna mikopo ambayo ada hiyo inakula sehemu ya fedha unayodhani umeiokoa. Mikopo ya SACCO za Kenya, mingi ikiwa ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, ni nafuu kidogo kuliko hapo.

Kisha kuna mikopo ya simu, na hapo mjadala unafungwa. M-Shwari, iliyoanza Kenya mwaka 2012, ilizoesha watu ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa sikio lisilozoea hesabu hiyo ni ndogo. Anayekopa shilingi 10,000 za Kenya na kuurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa ametoa 9,000 za ada tu, na zile 10,000 bado anadaiwa. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, hutoza ada kwa siku, kwa hiyo kila siku unayoota jua Diani mita inasoma. Hakuna akaunti ya akiba, hisa wala kiwanja kinachompa mtu wa kawaida faida ya uhakika inayofikia kiwango hicho. Kulimaliza deni la namna hiyo ndiyo biashara bora atakayoifanya mwaka huo. Basi mwenye mikopo ya simu alale nyumbani likizo hii. Apumzike, atembelee ndugu walio umbali wa daladala moja, na nauli ya mbali aipeleke kwenye mkopo mdogo kuliko yote mpaka ufe, kisha aingie kwenye unaofuata.

Kwa nini nasema mdogo kwanza, wakati mahesabu makavu yanataka uanze na wenye riba kubwa? Kwenye mikopo ya simu riba mara nyingi hukaribiana, kwa hiyo hasara ya kuanza na mdogo ni ndogo. Sababu kubwa inatoka Singapore. Watafiti huko waliwapima watu wa kipato cha chini ambao shirika la hisani liliwalipia madeni ya muda mrefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Baada ya madeni kulipwa, wasiwasi ulipungua na uwezo wa kufikiri kwa makini ukaongezeka. Kilicholeta nafuu hasa kilikuwa idadi ya madeni yaliyofutwa, zaidi ya ukubwa wa fedha iliyolipwa. Kila deni linakalia nafasi yake kichwani: tarehe yake, ujumbe wake wa kukumbusha, simu yake ya mdai saa mbili asubuhi. Mtu mwenye madeni matano anayekwenda ufukweni anakwenda nayo yote matano, kwa hiyo anayesema deni ni mzigo unaonyima raha hata ya safari yenyewe namkubalia bila ubishi. Tofauti yetu ni kwamba yeye analisema la madeni yote, wakati deni moja la muda mrefu linalokatwa kimya kimya kwenye mshahara halina kelele hizo.

Sasa niseme kwa nini nashikilia kwamba safari ilipwe kabla. Mwaka 1998, Drazen Prelec na George Loewenstein walichapisha utafiti ambamo waliwauliza watu swali jepesi. Umepanga likizo ya wiki moja ya dola 1,200 za Marekani: utalipa dola 200 kwa mwezi kwa miezi 6 kabla ya kwenda, au dola 200 kwa miezi 6 baada ya kurudi? Kwa kanuni za uchumi jibu sahihi ni baada, kwa kuwa fedha inakaa kwako zaidi. Wengi walichagua kabla. Swali hilohilo lilipohusu mashine ya kufulia, wengi walichagua kulipa baadaye. Mashine inaendelea kufua wakati unailipia. Likizo ikishakwisha, kinachobaki ni bili. Utafiti mwingine, wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watu 1,530, uliona kwamba wenye safari walikuwa na furaha kuliko wengine kabla ya kuondoka, ilhali waliporudi wengi wao hawakuwa tofauti na waliobaki nyumbani. Ukiunganisha tafiti hizo mbili unapata jambo ambalo wauzaji wa safari za mkopo hawatakuambia: sehemu kubwa ya utamu iko katika kungoja, na anayekopa Ijumaa ili aondoke Jumamosi ameukata utamu huo na kujibakizia malipo. Anayeweka kidogo kidogo kwenye kikoba au chama tangu Februari ananunua vyote viwili. Kampuni za utalii siku hizi zina mipango ya kulipa kwa awamu. Uliza jambo moja tu, kama awamu ya mwisho inakuja kabla ya safari au baada. Ikiwa kabla, hiyo ni akiba. Ikiwa baada, umeongeza deni, hata likipewa jina zuri.

Nakiri tafiti hizi ni za watu wa mbali, wenye mishahara na hoteli zao. Lakini busara ya kulipa kabla si ngeni kwetu. Waislamu wa pwani wanaijua kanuni ya hija: mwenye deni lililofika muda wake hulipa kwanza, au hupata ridhaa ya mdai, ndipo aondoke. Ikiwa safari ya ibada ina sharti hilo, ya kwenda kupiga picha Nungwi itakosaje? Na kanuni hiyo inagusa jambo ambalo benki hazilijui, yaani deni la mtu kwa mtu. Jirani aliyekukopesha laki mbili ya matibabu akuone kwenye simu yake ukiwa umevaa miwani ya jua, wakati mwezi wa ahadi umepita, hapo umevunja kitu ambacho riba haiwezi kukipima. Deni la namna hiyo, hata kama halina riba hata kidogo, hutangulia yote. Kama haliwezi kulipwa sasa, mdai aambiwe kabla ya safari, kwa mdomo wako.

Pingamizi zito kuliko yote ni la Desemba. Kwa maelfu ya watu likizo si hoteli. Ni kwenda nyumbani, Moshi, Bukoba, Kakamega, Kisii. Wataniambia benki itasubiri lakini mama hasubiri, na sina jibu la kuwapinga, kwa sababu wanasema kweli. Ninachobishia ni tarehe na mizigo. Wiki ya Krismasi mabasi ya kwenda Kilimanjaro hujaa, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada na kuwaonya wanaopandisha nauli, na upande wa Kenya nauli za matatu za magharibi hupanda ovyo. Hata hivyo nauli ndiyo sehemu ndogo. Kinachommaliza mwenye deni ni zawadi za ndugu, mbuzi, vinywaji, michango ya harusi na ubatizo iliyopangwa makusudi wakati watu wote wapo, na ile hofu ya kuonekana mjini kumekushinda. Tena vikoba vingi hugawana fedha mwezi huohuo, kwa hiyo akiba ya mwaka inapita mkononi siku chache kabla ya ada za shule za Januari. Mama yuleyule atakuona vizuri zaidi Juni au Agosti, nyumba ikiwa tulivu, na utakuwa na muda wa kumpeleka kliniki. Anayetaka hoteli naye ana msimu wake: wakati wa masika hoteli za Zanzibar na Diani hushusha bei, na nyingine hufunga kabisa kwa kukosa wageni. Treni ya SGR ilipofika Dodoma Julai 2024, daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam lilikuwa shilingi 31,000. Familia ndogo inaweza kuikusanya fedha hiyo kwa miezi michache bila kumgusa mkopeshaji.

Kama una siku za likizo ambazo hujazitumia, usingoje Novemba. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri aitoe likizo ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko wake wa mwaka kwisha, na muda huo huongezwa tu kwa ridhaa yako na kwa mahitaji ya kazi. Andika barua ya kuomba wiki hii, chagua mwezi usio na sikukuu, na siku hiyohiyo omba benki au SACCO yako ikupe taarifa ya salio la mkopo, riba yake, na ada ya kulipa mapema kama ipo.