Je, wajua? Futi 4,000 za ramani ya anga ziko karibu sana na maji ya Mwanza

Ukisimama ufukweni Mwanza, maji ya Ziwa Victoria yakikulowesha vidole vya miguu, uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hizo ni kama futi 3,720. Hujapanda kilima wala hujapanda jiwe. Ziwa lenyewe ndilo lililo juu. Rubani wa ndege ya abiria hulijua jambo hili kabla hajawasha injini. Anayerusha droni anapaswa kulijua vilevile, kwa sababu bila hilo ramani ya anga haisomeki.

Anga ya ziwa hili si ngeni kwa vyombo vya kuruka. Februari 28, 1931, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter, pamoja na shirika la GIZ la Ujerumani, zilitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa droni. Droni ile ilikuwa ikikata kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Chombo kinachopita juu ya maji umbali huo hupita katika anga yenye mipaka, ingawa macho hayaioni. Mipaka hiyo imechorwa kwenye karatasi.

Tuanze na viwanja. Alama za ramani hizi hufuata utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hivyo anayejua kusoma ramani ya Mwanza hatapotea akishika ya Entebbe au Kisumu. Duara lenye vijino vinne pembeni ni uwanja wa kiraia wa nchi kavu. Duara ndani ya duara ni uwanja wa jeshi. Duara lenye nanga ndani yake ni mahali pa ndege zinazotua majini. Herufi H ndani ya duara ni kituo cha helikopta, na duara lililopigwa alama ya X ni uwanja uliofungwa au ulioachwa.

Kando ya duara huandikwa jina na namba. Kwa Uwanja wa Ndege wa Mwanza, ulioko Ilemela kando ya ziwa, mwinuko ni futi 3,763. Ukiona herufi L, uwanja una taa. Ukiona H kwenye mstari huohuo, njia ya kurukia ni ngumu, kama vile ya lami. Njia ya kurukia ya Mwanza inaitwa 12/30. Ongeza sifuri kwenye kila namba upate nyuzi za dira: 120 ni kuelekea kusini-mashariki, 300 ni kuelekea kaskazini-magharibi. Weka rula juu ya mstari huo, uurefushe pande zote mbili, na utakuwa umeona uelekeo ambao ndege hutumia kushuka na kupaa. Usirushe droni kwenye mstari huo.

Kuuzunguka uwanja wenye waongoza ndege kuna eneo la udhibiti, lenye jina fupi la CTR. Utaratibu wa ICAO unataka eneo hilo lifike angalau kilomita 9.3 kutoka katikati ya uwanja, kwenye pande ambazo ndege hujia. CTR huanzia ardhini. Juu yake kwa kawaida hutandazwa eneo pana zaidi, kama mwavuli juu ya mpini wake, ambalo haligusi ardhi. Anga pia hupewa madaraja kwa herufi, kuanzia A yenye udhibiti mkali kuliko zote hadi G isiyo na udhibiti. Angalia pia maeneo yenye mistari mingi midogo ukingoni. Herufi P ni marufuku kuingia, R ni kuingia kwa masharti, D ni eneo la hatari. Kabla ya herufi hiyo huwekwa HT, utambulisho wa Tanzania.

Sasa turudi pale ufukweni, kwa maana makosa mengi huzaliwa kwenye urefu. Kuna hesabu tatu tofauti. Ramani huhesabu mipaka mingi kuanzia usawa wa bahari. Sheria ya droni huhesabu kuanzia ardhini, na kikomo cha kawaida katika nchi nyingi ni futi 400, yaani mita 122. Droni yenyewe huhesabu kuanzia pale iliporukia.

Chukua mfano. Ramani ikisema eneo fulani linaanzia futi 4,000, mtu wa Dar es Salaam ataona ni mbali sana juu ya kichwa chake. Ukiwa Mwanza, toa 3,720. Zinabaki 280, mita 85 tu juu ya maji. Droni yako inaweza kuingia humo ikiwa bado chini ya futi 400.

Mfano wa pili unatoka kwenye vilima vya mawe vya jiji. Umepanda kilima kilicho mita 100 juu ya ziwa, ukarusha droni, ukaipandisha mita 100, kisha ukaielekeza majini. Skrini bado inasema 100. Kutoka majini ni mita 200, zaidi ya futi 650, na umekwisha kuvuka kikomo bila skrini kukuonya.

Vikwazo navyo vina alama yake: pembe iliyochongoka juu, yenye nukta chini. Huwa na namba mbili. Ya kwanza ni urefu wa kilele kutoka usawa wa bahari. Iliyo ndani ya mabano ni urefu kutoka ardhini. Anayerusha droni aanze na ile ya mabano.

Ramani, hata hivyo, huzeeka. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Ramani ya kabla ya ujenzi wake inaonyesha maji matupu. Ndiyo maana mabadiliko ya taarifa za anga hutolewa kwa mzunguko wa siku 28 dunia nzima, na ya ghafla hutangazwa kwa notamu, yaani ilani fupi kwa marubani.

Kusoma ramani hakuchukui nafasi ya kibali. Tanzania ina kanuni za droni tangu 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kisiwa cha Saanane, kilicho ndani ya jiji la Mwanza, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na kurusha droni hifadhini huhitaji ruhusa ya pekee.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujaiachia droni yako, tandika ramani mpya na uandike namba tatu kwenye karatasi: mwinuko wa hapo uliposimama, mwinuko wa ardhi au maji utakayopita juu yake, na mwanzo wa anga inayodhibitiwa. Ndege inayoshuka Ilemela imebeba watu, na rubani wake hawezi kuiona droni yako mapema.