Jinsi Mabuyu Yanavyovikwa Sukari

Mtu avukaye kwa feri kwenda Likoni, au afikaye sokoni Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, hakosi kuwaona wachuuzi wa mabuyu. Punje zenyewe ni nyekundu, zimefungwa katika vipakiti vidogo, na mtoto aliyezila hutambulikana kwa ulimi wake hata akikana. Katika Ulaya na Marekani wako watengenezaji ambao huyavika matunda chokoleti na kuyauza kwa bei kubwa. Hapa kwetu tunda huvikwa sukari, na sababu yake ni ya maana.

Chokoleti hutokana na mbegu za kakao, ambazo mafuta yake huyeyuka katika joto la nyuzi 34 hivi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo maana huyeyuka mdomoni. Lakini mwezi wa Machi, katika kibanda cha mabati huko Changamwe, haingoji mdomo. Sukari iliyochemshwa huvumilia joto hilo. Adui yake ni unyevu wa hewa ya bahari, ambao huifanya inate.

Buyu nalo lafaa sana kwa kazi hii. Embe na nanasi zina maji mengi, lakini buyu hukaukia ndani ya kifuu chake lingali mtini. Likipasuliwa, hupatikana mbegu zilizofunikwa na unga mweupe mkavu wenye ukali. Unga huo una vitamini C nyingi, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu uuzwe huko kuwa chakula.

Mpishi huondoa nyuzi, kisha huchemsha sukari kwa maji kidogo pamoja na iliki na rangi, pengine na pilipili na chumvi. Hapo humimina mbegu na kukoroga upesi mpaka kila moja ipate vazi lake. Moto ukizidi, sukari huungua na kuwa chungu. Ukipungua, mabuyu hubaki na majimaji. Ni lazima yapoe kabisa kabla ya kufungwa. Mwenye haraka akiyafunga yangali moto, mvuke hugeuka maji ndani ya pakiti, na kesho yake ni donge moja. (Moto pia hupunguza ile vitamini, mama atakaye faida ya buyu kwa watoto wake heri akoroge unga mbichi katika maji au maziwa.)

Jambo la kuangaliwa sana ni rangi. Buyu lenyewe halina wekundu huo. Wote hutoka koponi. Iko rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, nayo hutiwa kidogo tu. Na iko rangi ya kutilia nguo na ukili wa mikeka. Hii ya pili haikukusudiwa kuingia tumboni, na baadhi yake ina sumu. Mnunuzi hawezi kuitambua kwa macho. Awezalo ni kutazama kama pakiti ina jina la mtengenezaji, tarehe, na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lililoanzishwa mwaka 1974.

Wako akina mama wapikao majumbani kwao wasio na alama hiyo, na mabuyu yao ni mazuri. Anunuaye kwao na aombe kuonyeshwa kopo la rangi. Mpishi mwaminifu hatachukizwa. Wengine huyauza bila rangi yoyote. Ladha ni ile ile, ila watoto hulalamika.