Doa Linalorudi Ukutani

Lile doa jeusi linaloizunguka swichi ya taa sebuleni ni mafuta ya vidole yaliyonasa vumbi. Wengi hulivamia kwa dodoki gumu au waya wa masufuria. Doa hutoka kweli, lakini jioni taa ikiwashwa unaona baka linalong'aa katikati ya ukuta usiong'aa. Hapo umeshaisaga rangi yenyewe. Rangi ya maji isiyong'aa ina vitundu vingi, hunywa mafuta upesi na haipendi kusuguliwa. Rangi ya mafuta ni ngumu zaidi. Basi jaribu kwanza nyuma ya kabati kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikichukua rangi, punguza mkono.

Mafuta hayo ya vidole hutolewa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kitambaa kikamuliwe barabara, na umeme uzimwe kwanza. Masizi ya jiko la mkaa yafagie yakiwa makavu. Ukiyawahi kwa maji yanageuka wino. Kisha osha kutoka chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi migumu kuliko doa lenyewe.

Ukungu wa bafuni hufa kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na siki: hutoa gesi inayounguza mapafu.

Linalotuumiza zaidi sisi wa pwani ni chumvi. Pitisha kidole chini ya dirisha, unga mweupe unabaki kidoleni na rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Huenda lipu ilipigwa kwa mchanga wa ufukweni, au maji ya ardhini yanapanda ukutani kama mafuta ya taa kwenye utambi. Maji hukauka, chumvi hubaki na kuisukuma rangi. Ukiuosha ukuta huo unaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani; ukipaka rangi juu yake, itavimba tena. Nimeona familia zikilipa fundi rangi mwaka hadi mwaka kwa kosa hilo.

Chumvi ifagie kwa brashi kavu, uizoe, uitupe. Kisha toka nje utazame upande wa pili wa ukuta: bomba linalovuja, maji ya paa yanayomwagikia msingi, au udongo wa bustani uliorundikwa hadi juu ya msingi. Ondoa udongo huo, ziba bomba, uache ukuta ukauke, hata kwa miezi, ndipo umwite fundi.