Kupanga Ardhi Kabla Jembe Halijafika: Kilimo na Ufugaji wa Kesho Wilayani Kiteto

Wilaya ya Kiteto, ambayo makao yake makuu yako Kibaya, iko kusini mwa Mkoa wa Manyara. Kaskazini imepakana na Simanjiro, mashariki na Kilindi, na kusini na Kongwa. Ni nchi ya nyika na vichaka, yenye mvua chache zisizotabirika: mwaka mmoja masika hujaza malambo, na mwaka unaofuata mawingu hupita bila kuacha kitu. Katika nchi hii Wamaasai wamefuga kwa vizazi vingi, Waakie wamerina asali na kuchimba mizizi porini, na wakulima wa mahindi, alizeti na mbaazi, wengi wao wakitokea Dodoma na mikoa mingine, wamefungua mashamba mapana.

Makundi yote hayo yanategemea ardhi ile ile. Kwa sababu hiyo, swali la kilimo cha kesho katika wilaya ya wafugaji haliwezi kuanza na mbegu wala trekta. Linaanza na ardhi yenyewe: sehemu ipi ilimwe, ipi ibaki malisho, ipi ihifadhiwe, na nani mwenye mamlaka ya kuamua. Chombo ambacho sheria imewapa wananchi kwa kazi hiyo ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji.

Malisho hupotea vipi

Mfugaji wa nyika halishi mahali pamoja mwaka mzima. Wakati wa masika mifugo hutawanyika kwenye nyanda za wazi, ambako nyasi ni changa na maji ya madimbwi hupatikana kila upande. Kiangazi kikiingia, hurudi kwenye mabonde, kando ya mito ya msimu na karibu na visima vya kudumu. Vijana huhamia ronjo, yaani makambi ya muda ya mifugo, huku ndama na ng'ombe dhaifu wakiachiwa alalili, malisho ya akiba yanayotengwa karibu na maboma.

Mabonde hayo yenye unyevu ndiyo pia ambayo mkulima huyatamani, kwa kuwa mahindi huota vizuri humo. Hapo ndipo hesabu ya kawaida inapodanganya. Bonde la ekari 50 huonekana dogo likilinganishwa na maelfu ya hekta za nyanda za juu. Lakini kama ndilo bonde pekee lenye majani mwezi wa Septemba na Oktoba, kulilima ni kuondoa kiangazi chote katika mwaka wa mfugaji. Nyanda zilizobaki hazitamsaidia, kwa kuwa mifugo itakuwa haina pa kukaa hadi mvua zirudi. Malisho yanaweza basi kupotea kabisa wakati ramani ingali inaonyesha kwamba sehemu kubwa imebaki.

Mkulima naye hapati usalama kwa kulima mahali pasipopangwa. Mapalio, yaani njia za mifugo, yakizibwa na mashamba, mifugo haiachi kwenda majini. Hupita juu ya mazao. Mkulima hupoteza jasho la msimu, mfugaji hudaiwa fidia, na majirani walioishi pamoja kwa miaka huanza kuogopana. Ugomvi wa namna hii hauletwi na kabila wala na tabia ya watu. Chanzo chake ni matumizi mawili kuwekwa mahali pamoja bila makubaliano.

Hesabu ya nyasi

Wataalamu wa malisho hupima uwezo wa ardhi kwa kutumia kipimo kimoja cha mifugo, ambacho ni ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250. Ng'ombe huyo huhitaji kila siku majani makavu yanayokaribia asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na robo. Kwa mwaka mzima hiyo ni takribani kilo 2,280.

Tuchukue mfano wa hekta moja inayotoa kilo 1,500 za majani makavu katika mwaka wa mvua nzuri. Si majani yote yanayofaa kuliwa: nusu huachwa ili mizizi ipate nguvu, udongo ufunikwe na mbegu zidondoke. Hubaki kilo 750. Kwa kiasi hicho, ng'ombe mmoja anahitaji hekta tatu hivi. Mvua ikipungua na hekta hiyo ikatoa kilo 500 tu, kinachofaa kuliwa ni kilo 250, na ng'ombe yule yule sasa anahitaji hekta tisa.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, eneo linaloonekana kubaki bure katika mwaka mzuri si eneo lisilo na mwenyewe. Ni akiba ya mwaka mbaya. Pili, kijiji kimoja peke yake mara nyingi hakiwezi kuwa na hekta za kutosha kwa mwaka wa ukame, hivyo usalama wa mifugo hutegemea uwezo wa kuhama na kupokelewa na jirani. Ukame wa mwaka 2008 na 2009, ulioangamiza mifugo mingi katika wilaya za Longido, Monduli, Ngorongoro na Simanjiro, uliwakumbusha wafugaji wa kaskazini gharama ya kukosa pa kukimbilia.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini kama mdhamini na si kama mmiliki. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria hiyo pia inatambua ardhi inayotumiwa kwa pamoja, kama vile malisho na misitu, kuwa sehemu kamili ya ardhi ya kijiji. Malisho, kwa hiyo, si pori lisilo na mwenyewe linalosubiri kugawiwa.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaeleza namna ya kuandaa mpango wenyewe na inaipa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi jukumu la kuongoza kazi hiyo. Nayo Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 inahusu utengaji na utunzaji wa malisho.

Hatua sita za mpango

Utaratibu unaofuatwa nchini una hatua sita. Hatua ya kwanza ni maandalizi, ambapo timu ya wataalamu wa wilaya, wakiwemo wa ardhi, mifugo, kilimo, misitu na maendeleo ya jamii, hupanga kazi na kukubaliana na uongozi wa kijiji. Hatua ya pili ni tathmini shirikishi: wanakijiji wenyewe huchora ramani ya kijiji chini au kwenye karatasi, wakionyesha mabwawa, visima, majosho, mapalio, maeneo ya chumvichumvi, mizinga na mashamba, kisha hutaja matatizo yao kwa utaratibu wa umuhimu.

Hatua ya tatu ni kupima na kuchora ramani ya matumizi yaliyopo. Mipaka ya kijiji huhakikiwa na vijiji jirani, kwa kuwa mpango hauwezi kusimama juu ya mpaka unaobishaniwa. Hatua ya nne ndiyo kiini cha kazi: kupanga maeneo ya makazi, kilimo, malisho, misitu, vyanzo vya maji na akiba ya vizazi vijavyo, pamoja na kutunga sheria ndogo. Rasimu hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na sheria ndogo hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Hatua ya tano ni kutoa hati za haki miliki ya kimila, kwa mtu mmoja mmoja, familia au kikundi. Hatua ya sita ni usimamizi wa ardhi iliyopangwa: kurutubisha udongo, kuzuia mmomonyoko, kuondoa vichaka vamizi na kupanga zamu za malisho.

Katika hatua zote sita kuna jambo moja linalopaswa kuangaliwa: nani yuko katika kikao. Mkutano ukiitishwa wakati vijana wako ronjo, wanaojua njia za kiangazi hawatakuwepo. Wanawake wasiposikilizwa, mpango utasahau bustani, kuni, maji ya nyumbani na malisho ya mbuzi na ndama, mambo ambayo wao ndio huyashughulikia kila siku. Waakie wasipoulizwa, msitu wa asali unaweza kuandikwa kuwa eneo la kilimo. Sheria ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kwa halali, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, liwe na wanawake wasiopungua watatu.

Vijiji vinapoungana

Nyasi na maji havifuati mpaka wa kijiji. Kijiji kinapogawanywa kuwa viwili au vitatu, malisho ya masika yanaweza kubaki upande mmoja na kisima cha kiangazi upande mwingine. Sheria imeona jambo hilo na inaruhusu vijiji kufanya makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja.

Kiteto ina mifano yake yenyewe. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliandaa mpango wa pamoja na kutenga zaidi ya hekta 20,000 za malisho ya pamoja. Jina la eneo hilo, OLENGAPA, limetokana na herufi za mwanzo za vijiji hivyo vitatu. Wafugaji waliunda chama cha kulisimamia, na kila kijiji kikatoa hati ya kimila kwa chama hicho kwa sehemu ya malisho iliyo ndani ya mipaka yake. Hivyo hakuna kijiji kilichopoteza ardhi yake, na hakuna kijiji kinachoweza kuyafunga malisho peke yake.

Kabla ya hapo, vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo vilionyesha njia kwa upande wa misitu. Msitu wao wa jamii wa SULEDO ulipata Tuzo ya Ikweta ya mwaka 2002, inayotolewa kupitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, kwa namna wananchi wenyewe walivyoulinda.

Nafasi ya kilimo

Mpango wa matumizi ya ardhi haukuwekwa ili kukizuia kilimo. Mkulima aliye ndani ya eneo lililotengwa ana sababu ya kuwekeza: anaweza kujenga makinga maji, kupanda miti mipakani na kutumia samadi, akijua kwamba shamba halitakuwa na kesi mwaka ujao. Mahali ambapo mahindi huungua mara kwa mara, mtama, alizeti na mbaazi huvumilia ukame zaidi. Baada ya mavuno, mkulima na mfugaji wanaweza kuandikiana makubaliano ya mabua: mifugo ile masalia kwa muda uliotajwa, na shamba lipate samadi. Wafugaji wengi nao siku hizi hulima, na familia yenye ekari chache za chakula huuza ng'ombe wachache zaidi ili kununua unga.

Mpango usiofika ardhini

Mpango unaweza kuwa mzuri kwenye karatasi na usibadilishe kitu. Hilo hutokea pale ambapo mipaka ya malisho haikuwekewa alama zinazoonekana, sheria ndogo hazikuidhinishwa, kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi haikutani, au viongozi wenyewe wanagawa mashamba ndani ya malisho. Shamba la kwanza ndani ya malisho lisipoondolewa kwa wakati, la pili na la tatu huja haraka, na kila mmoja huonyesha la jirani yake kuwa ndiyo idhini.

Kwa hiyo mwananchi ana mambo manne ya kufanya. Aulize katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji kama kijiji chake kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, na aombe kuonyeshwa ramani. Ahudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na ahakikishe ugawaji wowote wa ardhi unajadiliwa hapo na kuandikwa katika muhtasari. Apeleke mgogoro kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji mapema, kabla mazao hayajaliwa na hasira haijapanda. Na anapotaka kulima eneo jipya, aulize kwanza limepangwa kwa matumizi gani.

Ardhi ya Kiteto haiongezeki, nao watu na mifugo wanaongezeka. Maamuzi ya wapi jembe lifike na wapi liishie yatafanyika kwa vyovyote vile: ama katika mkutano wa hadhara, mbele ya mkulima, mfugaji na mrina asali, ama kimya kimya, ekari moja baada ya nyingine, hadi siku ambayo hakuna kilichobaki cha kupangwa.