Mikono yetu ina bei

Tunaandika habari hii tukiwa na haya kidogo, lakini tumeona ni afazali tuiseme kuliko kuificha. Kikundi chetu cha kushona hapa Katuba kilianza na ba mama kumi na mmoja, mashini mbili za kushona, na feza ya likelemba tuliyokubaliana isiliwe ila iwe kapitali. Tulishona sakoshi za kitenge. Watu walizipenda. Kanisani waliziulizia, sokoni walizishika na kuzigeuzageuza, na kila tulichoshona kilitoka. Kisha ikafika siku ya kununua kitenge kipya, tukafungua sanduku, na ndani mulikuwa feza isiyotosha hata nusu ya pisi.

Tulitazamana. Kila mmoja aliwaza kwamba mwenzake amekula. Mama mmoja alilia, kwa sababu zamu yake ya likelemba ndiyo aliyoiweka humo, na ilikuwa ilipe minervali ya binti yake wa sekondari. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure, lakini sote tunajua sekondari bado inalipiwa. Kwa hiyo hasara ile haikuwa ya sakoshi tu. Ilikuwa kiti cha mtoto darasani.

Hakuna aliyeiba. Tulikuja kuelewa hilo pale tulipokaa chini na kaye na kalamu, tukahesabu polepole kama wanafunzi wa darasa la nne. Tunataka tuhesabu pamoja nanyi, kwa maana tunajua vikundi vingi vya Kenya, Ruashi na Kampemba vinafanya kosa lile lile.

Ufundi tunao tangu zamani

Kwanza tuseme hivi: mama wa Lubumbashi hakosi ufundi. Wengi wetu tulifundishwa na mama zetu, na mama zetu walifundishwa katika foyer social, zile nyumba ambapo wake wa wafanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, walijifunza kukata nguo, kushona, kufuma na kudarizi. Wakati ule mshahara wa baba ulikuwepo, na posho ya unga pia. Shindano lilikuwa la kupamba nyumba na kuvalisha watoto. Hakuna aliyeuliza kitambaa cha meza kinagharimu masaa mangapi.

Halafu mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1990 kazi ilianguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika nyumba nyingi, tangu siku zile ni mama aliyeshika chungu. Aliuza makala, samaki, mandazi, nguo kuukuu. Shindano la foyer nalo likawa la kutafuta bukari.

Lakini tulibeba ufundi bila kubeba hesabu. Tuliendelea kushona kama vile mshahara wa mtu mwingine bado unalipa jioni zetu. Hapo ndipo penye kidonda.

Tuhesabu sakoshi kumi na mbili

Tutachukua mfano, na hesabu zake tumezifanya nyepesi ili kila mama aweze kuzifuata. Bei za soko hubadilika kila wiki, basi weka za kwako.

Pisi moja ya kitenge ya yadi 6 inatoa sakoshi 12. Tuseme tumeinunua 30,000 faranga. Kitambaa cha ndani 12,000. Zipu kumi na mbili, kila moja 500, jumla 6,000. Uzi 2,000. Taksi-bisi kwenda soko la Kenya na kurudi, na mizigo, 4,000. Ukijumlisha unapata 54,000. Gawanya kwa 12: kila sakoshi imekula 4,500 kabla haijauzwa.

Sisi tuliuza 5,000. Tulisema moyoni: tunapata 500 juu ya kila moja, Mungu asifiwe. Kwa sakoshi 12 ni faida ya 6,000.

Sasa angalia. Kila sakoshi ilitutoa jasho la masaa matatu: kukata, kushona, kugeuza, kupiga pasi. Mara kumi na mbili ni masaa 36. Gawanya 6,000 kwa 36: ni faranga 166 kwa saa. Hakuna mama kati yetu ambaye angekubali kufua nguo za jirani kwa bei hiyo. Lakini kwa kazi ya ufundi, iliyotutaka miaka ya kujifunza, tulikubali na tulishukuru.

Na bado hatujamaliza. Katika zile 12, mbili zilichukuliwa kwa deni na hazijalipwa hata leo. Moja tulimpa shangazi wa mmoja wetu, kwa kuwa alikuja kutusalimia na ingekuwa aibu aondoke mikono mitupu. Zikabaki 9. Mara 5,000 ni 45,000. Tulitoa 54,000, tukarudisha 45,000. Kila pisi tuliyoshona ilikuwa inatunyang'anya 9,000, na kadiri tulivyouza sana, ndivyo tulivyoanguka haraka. Sanduku halikuibiwa. Tulilimwaga sisi wenyewe, kidogo kidogo, huku tukicheka na wateja.

Bei ina sehemu nne

Siku ile tuliandika ukutani, kwa chaki, sehemu nne za bei. Ya kwanza ni vitu: kitenge, uzi, zipu, usafiri. Ya pili ni mikono: masaa yako, kwa bei ambayo wewe mwenyewe ungekubali kulipwa. Ya tatu ni vitu vinavyochakaa na vinavyopotea: shindano linalovunjika, mafuta ya mashini, fundi wa kuitengeneza, ushuru wa mahali pa kukaa sokoni. Ya nne ni mbegu, yaani feza ya kukuza kazi.

Tulipojaribu kwa sakoshi yetu, tulishtuka. Vitu 4,500. Mikono, masaa matatu kwa 1,500 kila saa, ni 4,500 nyingine. Vinavyochakaa 1,000. Mbegu 1,000. Jumla 11,000. Nani wa mtaani angenunua?

Wengine walisema turudi 5,000 tunyamaze. Wengine walisema tuache kabisa. Tulichofanya ni kuuliza swali lingine: masaa matatu yanatoka wapi? Tuligundua kila mama alikuwa anakata sakoshi moja, anaishona, anaimaliza, kisha anaanza nyingine. Tukagawana kazi. Wawili wanakata zote 12 kwa mara moja kwa kutumia kielelezo cha karatasi ngumu. Wawili wanashona zipu tu. Wengine wanaunga na kugeuza. Mwisho anakaa mama mmoja mwenye jicho kali, kazi yake ni kukataa kilichopinda. Masaa matatu yakawa saa moja na nusu. Kitambaa cha ndani na zipu tukanunua kwa jumla pamoja na kikundi jirani, na vitu vikashuka hadi 4,000 kwa sakoshi. Hesabu mpya: vitu 4,000, mikono 2,250, vinavyochakaa 750, mbegu 1,000. Jumla 8,000.

Bei ya 8,000 tunaweza kuitetea mbele ya mteja bila kuangalia chini.

Mteja ni nani?

Majirani wengine walituacha, tuseme ukweli. Walizoea 5,000 na walisema tumekuwa na majivuno. Iliuma. Lakini tulianza kuelewa kwamba kila kazi ya mikono ina mteja wake na siku zake.

Tazama mafundi wa malakiti hapa mjini. Jiwe lile la kijani lina shaba ndani yake na linatoka katika udongo wetu wa Katanga. Likiwa bado jiwe tupu, bei yake ni ndogo. Likisha kukatwa, kusuguliwa na kung'arishwa likawa shanga, yai au tembo mdogo, mgeni analilipia bei nyingine kabisa. Jiwe ni lile lile. Tofauti yote ni mikono. (Na mama ambaye mwanawe anafanya kazi hiyo amkumbushe kuloweka jiwe kwa maji anaposugua na kufunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake si zuri kwa mapafu.)

Sisi nasi tulitafuta wakati ambapo mikono inalipwa. Kabla ya tarehe 8 Machi, ba mama wanatafuta kitenge na vinavyofanana nacho. Tarehe 30 Aprili ni sikukuu ya walimu, na wazazi wanatafuta zawadi ndogo. Kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa wanatafuta mifuko ya watoto. Krismasi na ndoa za kiangazi nazo zina mahitaji yao. Mama anayeshona kwa kufuata majira hawezi kushangaa kwamba mwezi fulani hauna wateja. Tena alishona mapema, koranti ilipokuwepo, hakungojea wiki ya mwisho ambapo koranti inakatika na mashini inalala.

Masanduku mawili

Kosa letu lingine lilikuwa sanduku. Feza ya sakoshi na feza ya bukari zililala pamoja. Mtoto akiugua, tunachukua. Kuna kilio kwa jirani, tunachukua. Si vibaya kusaidia. Ubaya ni kuchukua bila kujua umechukua cha nani.

Sasa kila mama analipwa mikono yake siku ya Jumamosi, 2,250 kwa sakoshi, tunagawana kwa kazi iliyofanywa. Hiyo ni yake. Anaweza kununua unga, kuchangia kilio, kuweka likelemba. Zile za vitu, za vinavyochakaa na za mbegu zinabaki katika sanduku la pili au kwenye telefoni ya kikundi, na watu wawili ndio wanaojua namba ya siri, kila mmoja nusu yake. Shangazi akija kusalimia na anapenda sakoshi, yule anayetaka kumpa anailipia kutoka mshahara wake. Na deni limekwisha: tumeandika ukutani kwamba sakoshi inatoka pale feza inapoingia.

Baba na karatasi

Kuna mama aliyetaka kuacha kwa sababu mume wake alisema: «Unashinda huko kila Jumamosi, matunda yake yako wapi?» Hakukosea kuuliza. Kwa miezi mingi hakukuwa na jibu. Tulimwambia mama yule abebe kaye nyumbani. Baba alisoma ukurasa kwa ukurasa, akaona masaa, akaona mshahara, akanyamaza. Wiki iliyofuata alitutengenezea meza ya kukatia.

Ni vizuri mjue pia sheria. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inasema bwana na bibi wanapaswa kupatana. Kupatana ni neno la watu wawili. Na kupatana ni rahisi zaidi pale hesabu iko wazi mezani.

Tena inchi yetu iko katika OHADA tangu 2012, na sheria yake ya biashara inamtambua mfanyabiashara mdogo anayeitwa «entreprenant». Anajitangaza kwenye greffe, na kwa mujibu wa sheria hiyo tangazo hilo halilipiwi. Inachomdai kila siku ni kitu ambacho kila mama aliyesoma shule anakiweza: kitabu cha feza iliyoingia na feza iliyotoka, pamoja na mahali ilipotoka na ilipokwenda. Yaani kaye. Mambo ya patente na ushuru ulizeni kwenye biro ya commune yenu, na mkilipa ombeni karatasi.

Tumefika wapi

Hatujawa matajiri. Kutoka kumi na mmoja tumebaki wanane. Watatu walichoka na hesabu. Tunauza sakoshi chache kuliko zamani. Lakini sanduku la mbegu limenunua pisi tatu zilizofuata bila likelemba, na tunangojea kununua mashini ya tatu. Yule binti wa sekondari alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya minervali, kisha mama yake akalipa kwa mshahara wa mikono yake mwenyewe. Sasa yuko darasani, na Jumamosi mchana anakuja kutuandikia kaye. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa sisi walimu.

Ba mama, wiki hii tunawaomba jambo moja tu. Kabla ya kuuza kikapo, sweta la mtoto, shanga au sakoshi nyingine yoyote, kaa na kaye, uandike sehemu zile nne. Angalia saa unapoanza kushona, angalia tena unapomaliza. Ukiona hesabu inakutisha, usifunge kaye. Njoo nayo Jumamosi kwenye mkutano, tuhesabu pamoja.