Rossi alipoiacha Honda: mjadala wa kijiweni Kanyosha

Kijiwe cha pikipiki ninachokitumia hapa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, hakikosi ubishi. Wateja wake wengi ni wafanyabiashara watokao njia ya Rumonge, wengine wakiwa na madumu ya mawese, na kila mmoja ana lake la kusema. Jioni moja niliwakuta wamekizunguka kibandiko cha namba 46 kwenye tangi la pikipiki anayoiendesha mpwa wangu. Kijana huyo alirejea nchini mwaka 2018 kutoka kambi ya Nyarugusu, na Kiswahili chake bado ni cha Kigoma. Kibandiko alikinunua kwa kupenda rangi yake ya njano. Namba ni ya nani, hakujua.

Basi nikalazimika kuwasimulia habari za Valentino Rossi, Mtaliano aliyezaliwa Urbino mwaka 1979 na kukulia Tavullia. Baba yake, Graziano, naye alikuwa mwendeshaji wa mashindano, na namba 46 ilikuwa yake kabla ya mtoto kuichukua. Mwaka 1997 Rossi alitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za sisi 125. Kwa ukubwa wa injini hiyo haipishani sana na pikipiki nyingi za hapa kijiweni, ila kwa mwendo ni mbingu na ardhi. Mwaka 1999 akachukua ubingwa wa sisi 250. Alipopanda daraja la juu, akiwa na Honda, akawa bingwa mara tatu mfululizo, 2001, 2002 na 2003.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengi walisema Honda ile ingeshinda hata ikipewa mtu mwingine. Rossi aliona kwamba Honda wenyewe waliithamini mashine kuliko mwendeshaji. Mwishoni mwa 2003 akaondoka na kwenda Yamaha, kiwanda ambacho msimu ule hakikuwa kimeshinda mbio hata moja katika daraja hilo, na ambacho ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1992. Watu walimwona kama aliyechezea riziki.

Mpwa wangu alinyamaza aliposikia hivyo, nami nilijua sababu. Pikipiki aliyokuwa akiiendesha ilikuwa mpya, lakini ya tajiri. Kila jioni alipeleka hesabu, na siku alipodai kupunguziwa kidogo aliambiwa kwamba kinacholeta pesa ni pikipiki, si yeye. Ikumbukwe kwamba Machi 2022 serikali ilipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya jiji, madereva wakasukumwa pembezoni kugombania safari fupi fupi, na baadaye ikaja foleni ya mafuta. Wiki ile tajiri mwingine alikuwa amempa pikipiki kuukuu ya mkataba: alipe hesabu kwa muda waliokubaliana, kisha iwe mali yake. Akishindwa kulipa, inarudi kwa mwenyewe, na jasho lote limekwenda bure.

"Mjomba, huko Yamaha alishinda?" akauliza.

Alishinda, tena hapa hapa Afrika. Tarehe 18 Aprili 2004, mbio za kwanza za msimu zilifanyika Welkom, Afrika Kusini. Kwa mizunguko 28 Rossi alisukumana na Max Biaggi, Mtaliano mwenzake aliyekuwa juu ya Honda na ambaye hawakupikika chungu kimoja. Alimtangulia kwa sekunde 0.210, muda usiotosha hata kutamka jina lako. Baada ya kumaliza aliisimamisha Yamaha kando ya njia, akaketi chini na kuinamisha kichwa, kisha akaibusu. Mwaka huo alishinda mbio 9 kati ya 16 na kuchukua ubingwa.

Vijana walishangilia kana kwamba mbio zilikuwa zimekwisha jioni ile. Lakini mzee mmoja, dereva wa siku nyingi, hakucheka. Akataka kujua kama bwana huyo alihama tena. Nisingeweza kumficha. Mwaka 2011 Rossi alikwenda Ducati, kampuni ya kwao Italia, akakaa misimu miwili bila kushinda mbio hata moja. Alirudi Yamaha mwaka 2013, akashinda tena mbio kadhaa, na mwaka 2015 akaukosa ubingwa kwa pointi 5 tu. Alistaafu Novemba 2021 akiwa na miaka 42, mataji 9 na ushindi wa mbio 115.

"Umeona?" mzee akamwambia mpwa wangu. "Mtu ni yule yule. Chuma ndicho kilichomkataa."

Binafsi nadhani mzee alisema nusu ya kweli. Rossi hakwenda Yamaha peke yake. Alimchukua Jeremy Burgess, fundi mkuu wake Mwaustralia aliyekuwa naye Honda, na wahandisi wa kiwanda wakaijenga upya injini kabla ya msimu kuanza. Hata hivyo, Burgess huyo huyo alikwenda naye Ducati pia, na hawakufua dafu. Niliyasema yote mawili.

Mpwa wangu alishika hilo la fundi. Kesho yake alimchukua fundi anayemwamini, wakaenda kuifungua ile pikipiki kuukuu. Walikuta ringi za pistoni zimelika na mnyororo umekwisha. Fundi alimshauri asiipokee hivyo. Wakabishana na tajiri hadi adhuhuri, ikakubaliwa kwamba ringi zitabadilishwa kwa gharama ya tajiri, mnyororo kwa gharama ya kijana, na hesabu ianze kuhesabiwa baada ya matengenezo. Jumamosi aliipanda.

Kibandiko kilibaki kwa tajiri wa kwanza. Alijaribu kukibandua kwa kucha, kikakataa.